Donge la Nyumba Namba Sita

Imakulata Kasanga aliajiriwa katika Kiwanda cha Nta, Ipuli, Tabora, siku ya Jumatatu tarehe 3 Machi 1986. Kadi yake ya kazi bado ipo, ndani ya kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, na kwenye mstari wa cheo limepigwa taipu neno moja: Mtafunaji.

Hakikuwa cheo cha mzaha. Nta yote iliyoletwa kwa baiskeli kutoka Sikonge na vijiji vya misituni ilipita kwanza mdomoni mwake. Alikaa kwenye benchi mbele ya geti, akakata donge dogo kwa kisu, akalitafuna, akalitemea kiganjani na kulitazama. Nta safi haishiki meno. Iliyochanganywa na mafuta ya mshumaa hunata. Iliyotiwa shahamu ya ng'ombe huteleza na kuacha utando juu ya ulimi. Aliyeileta alisubiri amesimama, ameshika usukani wa baiskeli, mpaka asikie moja ya maneno mawili: "pita" au "rudi". Kwa miaka ishirini na mitatu hakuna meneja aliyewahi kulibadilisha neno lake. Mwaka 1994 alimrudisha Nasor, mfanyabiashara wa mjini ambaye ukoo wake ulinunua nta Tabora kabla reli haijafika, yeye na mikokoteni yake miwili, watu wakitazama. Nasor hakumsalimia kwa mwezi mzima. Baada ya hapo akaanza kumpelekea tende kila Idi, na mpaka leo anapeleka.

Imakulata sasa ana miaka hamsini na minane. Meno yake yote thelathini na mawili yapo, na bado hutafuna nta, kama wengine wanavyotafuna bigijii. Mumewe Emilian, aliyekuwa fundi wa boila kiwandani hapo, alifariki mwaka 2013. Watoto wao watatu wako Mwanza na Kahama. Yeye alibaki katika kota namba 11, vyumba viwili na jiko la nje, na hakuondoka kiwanda kilipofungwa mwaka 2009.

Kiwanda kilisimama miaka kumi na mitatu bila moshi. Mwaka 2022 kilibomolewa. Katika eneo lile mradi wa makazi umejenga nyumba ishirini na nne, awamu ya kwanza, kwa ajili ya wafanyakazi wa zamani waliokuwa bado wanaishi kota. Mbele ya nyumba hizo umeachwa uwanja wa wazi wenye miti michanga, mabenchi ya zege na bomba la maji ya kunywa. Kilichobaki cha zamani ni tangi la maji tu, juu ya miguu yake minne ya chuma. Njia ya kale ya misafara ya kwenda Ujiji, ambayo ukuta wa kiwanda ulikuwa umeikata, imefunguka tena. Inapita katikati ya uwanja, na asubuhi baiskeli zenye madumu ya asali hupita hapo badala ya kuzunguka kwenye lami.

Pale njia inapokata uwanja, mafundi wamepanga pevingi za rangi mbili zikatoa picha ya nyuki, mita nne kutoka kichwa hadi mkia. Kila mtu Ipuli sasa anauita Uwanja wa Nyuki.

Ni nyuki huyo aliyeanza kumnyima Imakulata usingizi, kabla hata habari ya nyumba haijafika.

Nyuki alitoka kwenye muhuri wa kiwanda, na muhuri ulikuwa kazi ya Agnetha Maige. Agnetha ni mdogo kwa Imakulata kwa miaka minne. Alikuja kutoka Ziba mwaka 1990, binti wa wafugaji, hajawahi kuona mzinga karibu. Alipewa kugonga muhuri wa chuma juu ya mikate ya nta wakati bado ina uvuguvugu. Kazi hiyo ina dakika zake: nta ikiwa ya moto mno nyuki anavimba, ikiwa imepoa mkate unapasuka. Agnetha alizijua dakika hizo. Kwa miaka kumi na tisa kila mkate uliotoka Ipuli, uliokwenda Dar es Salaam na uliopanda meli, ulibeba alama ya mkono wake.

Hakuna hata mmoja uliobeba alama ya Imakulata.

"Nani aliyejua kama ni nta au si nta?" anauliza Imakulata. "Mimi. Yeye alikuwa anagonga tu. Ungempa ugali angegonga. Lakini wageni walipokuja walipelekwa kwa nani kupiga picha? Kwa Agnetha. Mimi nilikuwa nje ya geti natema."

Siku kiwanda kilipofungwa wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua kitu kimoja kimoja cha ukumbusho. Agnetha alichukua muhuri. Imakulata aliangalia huku na huku akaona hana cha kuchukua. Vifaa vyake vya kazi vilikuwa kinywani. Benchi lake lilikuwa limekwisha kuchomwa na walinzi kwa kuota moto.

Mradi ulipotafuta picha ya kuweka uwanjani, watu wa michoro walikwenda kwa Agnetha kuazima muhuri. Alisimama karibu nao siku tatu akiwaonyesha mabawa yanavyokaa.

Imakulata alimpa Agnetha jina la Shahamu tangu mwaka wake wa kwanza, kwa sababu ya ng'ombe wa Ziba, na jina likaganda. Agnetha humwita Imakulata Meno. Kwa wanaowasikia bombani, ni watani wawili waliozeeka pamoja. Wanapeana chumvi, wanazikana, na Jumapili mmoja akienda misa na mwingine kwa Wamoraviani, anayetangulia kurudi ndiye anayeinjika chai. Yote hayo ni kweli. Na ni kweli vilevile kwamba kwa miaka thelathini na minne Imakulata hajawahi kuona kitu kizuri mkononi mwa Agnetha bila kuuliza moyoni kwa nini hakikupita kwanza kwake.

Nyumba ziligawanywa kwa droo, Jumamosi tarehe 14 Septemba 2024, saa nne asubuhi, chini ya tangi. Kamati ya wakaazi wa kota ilitengeneza kadi ishirini na nne za boksi. Katibu wa kamati, Raymundi, mpakizi wa zamani wa kiwanda, aliandika namba kwa kalamu nene, na ili mtu asije na kadi ya kughushi akamwomba Agnetha agonge kila moja kwa muhuri na wino. Kadi zikatiwa ndani ya pipa la asali lililooshwa.

Nyumba namba moja hadi nane zinatazama uwanja. Zilizobaki ziko safu za nyuma. Zote zina ukubwa mmoja, vyumba vitatu na choo cha ndani, lakini hakuna aliyekuwa akitamani ya nyuma, na Imakulata alikuwa na moja anayoitaka kuliko mtu yeyote alivyotaka yoyote. Alikuwa amepima. Kutoka mguu wa mashariki wa tangi hadi lilipokuwa benchi lake ni hatua kumi na nne. Kutoka mguu huohuo hadi kizingiti cha nyumba namba sita ni hatua kumi na nne.

Aliitwa wa tano. Alitia mkono, akatoa kadi, akaiangalia. Alikuwa na donge la nta shavuni.

"Ngapi, mama?" Raymundi aliuliza, kalamu juu ya daftari.

Imakulata anasema alijibu "sita". Raymundi anasema alisikia "tisa", na ndivyo alivyoandika. Kwa Kiswahili maneno hayo mawili ni herufi zilezile, S na T zikiwa zimebadilishana nafasi, na tarakimu zake ni moja iliyopinduliwa. Raymundi hakuzipigia mstari chini. Anasema hakuona haja, kwa kuwa nyuki alikuwa amegongwa kwenye kila kadi na nyuki ana kichwa.

Kosa, kama lilikuwa kosa, halikujulikana hadi mtu wa kumi na saba. Huyo alikuwa Agnetha. Alitoa kadi yake, akaiinua, nyuki kichwa juu, na kupaza sauti: "Sita!"

Imakulata alisimama. "Sita ni yangu!"

"Wewe ni tisa, mama," Raymundi akasema. "Iko hapa."

"Nilisema sita."

"Ulisema na nta mdomoni. Mimi nimeandika nilichosikia."

"Basi masikio yako yana nta kuliko mdomo wangu."

Watu walicheka. Mmoja akasema wapewe nyumba moja, walale mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule. Imakulata aliweka kadi yake ndani ya kanga, akaondoka, na hakuna aliyeiona tena kwa wiki tatu.

Kadi hiyo iko kwenye kopo lilelile la maziwa. Ukiishika ili namba isomeke sita, nyuki yuko kichwa chini, miguu juu. Ukimsimamisha nyuki sawasawa, inasoma tisa.

Nyumba namba tisa iko nyuma tu ya namba sita. Dirisha la mbele linatazama ukuta wa ghala la tumbaku, hatua saba. Dirisha la jikoni linatazama ua wa nyumba namba sita: kamba ya nguo, ndoo, na mlango wa nyuma wa Agnetha.

Siku ya tatu baada ya droo Imakulata alipeleka barua ofisi ya mradi. Aliiandika mwenyewe, sentensi tano. Alieleza alichojibu na kilichoandikwa. Kisha akaendelea: "Mpini wa muhuri ule ni wa mviringo. Mkononi hauna juu wala chini. Mwenye kugonga hawezi kujua nyuki ameelekea wapi mpaka auinue, na kwa hiyo nyuki si ushahidi wa kadi yoyote."

Afisa wa mradi ni Thuraya, binti wa Nasor yule wa mikokoteni. Alijibu kwa maandishi kwamba hoja ina uzito. Kama muhuri hauaminiki, kadi mbili hizo zitafutwa na mama hao wawili watachagua upya, wao peke yao, sita au tisa. Kama unaaminika, daftari litabaki lilivyo. Wote wawili waitwe Jumatano tarehe 9 Oktoba.

Kwa wiki tatu hizo Imakulata alikwenda uwanjani kila siku saa kumi jioni na kukaa kwenye benchi la zege linalotazama namba sita. Alijua siku fundi alipofunga kitasa. Alijua kwamba mlango ulipakwa rangi mara mbili na wa namba tisa mara moja, na alipoambiwa kwamba milango yote ilipakwa mara mbili alisema wa sita unang'aa zaidi. Siku moja ya Alhamisi alimkuta Agnetha dirishani na utepe wa kupimia.

"Shikamoo, dada," Agnetha alisema.

"Marahaba. Unapima nini?"

"Dirisha."

"La nani?"

"La namba sita, dada Ima."

"Nimeuliza la nani. Sijauliza namba."

Agnetha alicheka. "Meno hayo! Kiwanda kimekufa, yenyewe bado yako kazini."

"Na wewe, Shahamu, kuteleza hujaacha. Umeteleza tangu Ziba."

"Nimeteleza nikaangukia barazani. Wewe umetembea kwa adabu zako zote ukafika ukutani." Aliviringisha utepe. "Njoo basi unichagulie rangi ya pazia. Si utalitazama wewe kuliko mimi?"

Imakulata aliinuka akaenda nyumbani. Usiku uliofuata hakuinjika chai ya watu wawili, na Jumapili pia hakuinjika.

"Donge limenikaa hapa," alisema nyumbani kwake, akigusa koo. "Nimetafuna madonge, sijui maelfu mangapi, yote nimeyatema. Hili halitemeki. Najua ni wivu. Msidhani sijui jina lake. Kama angeipata mtu mwingine, jirani yangu Yoramu, au hata mlinzi wa geti, ningesema Mungu amempa. Lakini yeye! Alichukua picha, akachukua muhuri, akachukua uwanja mzima ukapewa mdudu wake. Sasa achukue na pahali nilipokuwa nakaa?"

Aliulizwa kama anaamini kweli kwamba kadi yake ilikuwa sita. Alijibu kwamba muhuri una mpini wa mviringo.

Ofisi ya mradi ni kontena la bluu pembeni mwa uwanja. Jumatano ile, saa tatu asubuhi, walikaa wanne: Thuraya nyuma ya meza, Raymundi na daftari lake, na mama hao wawili kwenye viti vya plastiki. Muhuri ulikuwa mezani juu ya kipande cha gazeti. Ni chuma cha upana wa kiganja, na mpini wa mninga uliong'arishwa na mkono.

"Shikamooni, mama zangu," Thuraya alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Alisoma barua kwa sauti, sentensi zote tano, kisha akamgeukia Agnetha. "Mama Agnetha, wewe ndiye uliyekuwa ukiushika. Ni kweli mpini hauna juu wala chini?"

Agnetha aliutazama muhuri. "Muulize dada."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi nikijibu litakuwa neno la mwenye nyumba. Muulize yeye."

"Jitetee, mama," Raymundi akasema. "Usituchezee, watu tuna kazi."

"Sijitetei. Geti lilikuwa lake. Aseme yeye nipite au nirudi."

Thuraya aliusukuma muhuri upande wa pili wa meza. "Mama Imakulata. Baba yangu anasema ulimrudisha mbele ya watu na tangu siku hiyo hajamwamini mtu mwingine kwenye nta. Nakuuliza jambo moja tu. Mama Agnetha akiwa ameushika huu, angeweza kumpindua nyuki bila kujua?"

Imakulata alikuwa akitafuna. Aliuchukua muhuri, akauzungusha mpini ndani ya kiganja, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu kidole gumba kilisimama. Pale kiliposimama pana chale, fupi kama punje ya mchele, ambayo jicho haliioni mpaka lionyeshwe.

Chale hiyo aliikata mwenyewe. Ilikuwa Oktoba 1990, siku ya kwanza ya Agnetha kazini. Msichana huyo wa miaka ishirini alikuwa amejificha nyuma ya boila akilia, kwa sababu nyuki wake wa majaribio walitoka kichwa juu, kichwa chini, ubavu, na msimamizi alikuwa amemwambia kesho arudi Ziba akakamue. Imakulata alitoka getini na kisu chake cha nta, akachukua muhuri, akakata chale kwenye mpini upande wa kichwa cha nyuki, akakiweka kidole cha Agnetha juu yake. "Gumba hapa," alimwambia. "Ukiikosa usigonge." Hawakumwambia mtu. Agnetha hakugonga kombo tena.

Barua ya sentensi tano haikutaja chale.

Imakulata aliutua muhuri juu ya gazeti. Alitoa donge mdomoni, akalitazama kiganjani kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Rudi," alisema.

Thuraya hakuelewa. "Nani arudi, mama?"

"Barua yangu. Ina shahamu. Irudishe."

Akamwambia aweke kidole gumba kwenye mpini, hapo, hapo chini kidogo, na Thuraya akaiona. Raymundi naye akanyoosha mkono akaipapasa. Imakulata alieleza habari ya boila kwa maneno machache, bila kumtazama Agnetha, kisha akajibu swali aliloulizwa: hapana, asingeweza kumpindua nyuki bila kujua, na hakuwahi kumpindua hata mara moja.

"Kwa hiyo kadi yako ni tisa?" Raymundi aliuliza.

"Soma nyuki, utaona."

"Na siku ile ulisema sita au tisa?"

"Nilisema nilichotaka kusema. Wewe ukasikia kilichoandikwa. Funga daftari."

Agnetha alikuwa analia, kama nyuma ya boila. "Asante, dada."

"Usinishukuru. Sijakuachia kitu. Nimesema kweli tu, na donge liko palepale." Imakulata alisimama, akajifunga kanga vizuri. Mlangoni aligeuka. "Na pazia usiweke la kijani. Litanichosha macho."

Thuraya aliandika uamuzi siku hiyohiyo: daftari linabaki lilivyo. Agnetha alitia saini namba sita, Imakulata namba tisa.

Jumamosi tarehe 19 Oktoba, saa mbili asubuhi, Imakulata Kasanga atakabidhiwa funguo na kuhamia nyumba namba tisa. Kota namba 11 itabomolewa Jumatatu inayofuata.